Nani Atakaa na Divine?

Immakulata wa Kitahana alikuwa mtu wa maswali. Akienda kuchota maji, atauliza kwa nini leo yamekuwa mekundu. Akitoka kanisani, atauliza kwa nini padri amebadilisha kanzu. Hata akiloweka mihogo mtoni hakunyamaza.

"Jirani," alisema siku moja, "mhogo mchungu usipouloweka unaua. Sasa mtu wa kwanza alijuaje kwamba ukiuloweka hauui? Nani alikubali kuonja?"

Jirani yake alicheka mpaka akaangusha kisu majini. "Wewe mama Jeanne, maswali yatakutia kichaa!"

Hayakumtia kichaa. Lakini mwaka ule wa 1995 swali moja lilimnyima usingizi na kumkausha mate mdomoni. Nalo lilikuwa hili: nani atakaa na Divine?

Divine alikuwa binti yake wa pili, mtoto wa miaka minne. Wa kwanza, Jeanne, alikuwa na miaka kumi. Baba yao aliitwa Makarius. Alikuwa Muha wa palepale Kitahana. Immakulata yeye alizaliwa Burundi, akavuka mpaka kuingia Tanzania mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka saba, ameshika mkono wa mama yake. Makarius alimwoa kwa mila. Alitoa inkwano, yaani mahari: ng'ombe jike na majembe. Wazee wakanywa pombe, wakashiba, wakabariki. Wawili hao wakapewa kiwanja na kijiji, wakafyeka pori, wakajenga nyumba, wakalima.

Kisha Makarius akaanza biashara ya maharage. Alinunua huku kwao Kibondo na kuuza Kasulu. Mwanzoni alilala Kasulu usiku mmoja, kisha wiki, kisha mwezi. Mwishowe habari zikafika Kitahana kabla yake: Makarius ana mke mwingine huko.

Baada ya Pasaka dada yake Makarius alikuja kutoka Heru Juu, karibu na Kasulu. Alimwomba Divine akamtembelee kidogo. Huko kwao shangazi akiomba mtoto hanyimwi. Immakulata akamwogesha mwanawe, akamvika gauni la kanisani, akamfungia na karanga za njiani.

Divine hakurudi. Lililorudi ni neno tu, limeletwa na dereva wa lori: "Makarius anasema mtoto anakaa hukohuko. Ng'ombe alitoa yeye. Na Jeanne naye ajiandae."

Immakulata alikaa chini pale pale barabarani, na vumbi la lori likamfunika.

*

Makarius alitaka talaka. Aliambiwa hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Kwanza mume na mke lazima wapite kwenye baraza la usuluhishi, pengine watapatana. Kwa hiyo wote wawili wakaitwa kwenye baraza la kata.

Wajumbe waliwasikiliza kwa upole. Makarius alisema maneno machache. "Nina nyumba nyingine Kasulu. Sirudi. Nataka talaka, na watoto ni wa ukoo wangu."

Ikafika zamu ya Immakulata. Mama wa watu akafungua moyo wote! Alianza na siku ya posa. Akaja kwa mama mkwe wake na kuku aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Akataja shati lililoungua pasi na kofi alilopigwa kwa sababu ya shati hilo. Hapo kilio kikamshika, na maneno yakaisha. Jina la Divine halikutoka mdomoni mwake hata mara moja.

Baraza lilijaribu kuwapatanisha, likashindwa. Makarius akapewa hati inayosema kwamba usuluhishi umeshindikana. Alikwenda nayo Mahakama ya Mwanzo, Kibondo, akafungua shauri.

Siku ile ya baraza, Immakulata alipokuwa akitoka, aliitwa na mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni pa ofisi ya pili. Alikuwa Bi Zuhra, afisa maendeleo ya jamii. Watu walimwita Bibi Maendeleo. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mwenye ushungi safi na ulimi wa utani.

"Mama Jeanne, pole. Karibu ukae. Ukuta huu ni mwembamba, nimesikia yote. Hata yule kuku nimemsikia."

Immakulata alijifuta machozi. Nusura acheke.

"Nikuulize," Bi Zuhra alisema. "Unataka nini?"

"Makarius amenidharau, bibi. Mimi nimelima—"

"Sijauliza amekufanya nini. Nauliza, wewe unataka nini?"

Immakulata aliinua uso. Alizoea kuuliza, hakuzoea kuulizwa. "Namtaka Divine," alisema. "Na Jeanne asichukuliwe."

"Mbona barazani hukusema hivyo?"

"Nilidhani wanajua."

"Hakuna anayejua usilolisema, mama. Hakimu naye hataota."

Basi maswali ya Immakulata yakafunguka. "Bibi, ni kweli aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye mtoto? Watu wote wanasema hivyo. Hata kaka yangu anasema hivyo."

"Watu wanasema mila, na mila ipo. Hakimu anaweza kuisikiliza. Lakini haitangulii mbele ya mtoto. Kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inasema jambo la kwanza ni manufaa ya mtoto mwenyewe. Atalelewa vizuri wapi? Nani anamtunza? Ng'ombe hajui kumtunza mtoto."

"Na huyu wangu ni mdogo."

"Ndiyo. Mtoto wa chini ya miaka saba, mahakama inaanza kwa kuamini kwamba anafaa kukaa na mama yake."

"Basi nimeshinda!" Immakulata aliinuka.

"Kaa chini. Nimesema inaanza. Baba akileta sababu nzito, hakimu anaweza kuamua vingine. Tena mahakama haipendi kumhamishahamisha mtoto. Divine akikaa Heru Juu muda mrefu, Makarius atasema, 'Mwacheni, ameshazoea.' Kwa hiyo usikawie, na tarehe ya kuitwa usiikose. Usipofika, shauri linaweza kusikilizwa bila wewe."

"Na Jeanne?"

"Wa miaka kumi ana akili zake. Hakimu anaweza kumwuliza mwenyewe anapenda kukaa wapi."

"Ndoa yetu haikuandikwa popote. Wakisema mimi si mke?"

"Ndoa ya kimila ni ndoa. Wazee waliokunywa ile pombe hawajafa wote, au sivyo?"

"Nani atanisemea?"

"Mahakama ya Mwanzo haina mawakili. Utajisemea. Na Kiswahili kikikukwama, omba mkalimani. Si aibu, ni haki yako."

"Hakimu anakaa wapi? Mimi nasimama wapi? Naanza kusema mimi au yeye? Nikitaka kukohoa?"

Bi Zuhra alicheka, akainua mikono. "Mama, maswali mengine mtu hujibiwa na macho yake. Mahakama ni ya wazi. Nenda siku ya shauri la watu wengine. Kaa nyuma, nyamaza, tazama."

Immakulata hakujua kwamba jambo kama hilo linaruhusiwa. Alirudi nyumbani akitembea haraka.

*

Siku ya kwenda kutazama, aliamka mapema, akamwacha Jeanne kwa jirani, akaenda Kibondo mjini kwa miguu. Aliingia polepole. Alitegemea kuona askari wenye bunduki. Aliona chumba chenye mabenchi, meza ya hakimu, na karani mwenye mafua. Kando ya hakimu walikaa wazee wawili wa baraza, wanaosaidiana naye kuamua. Mmoja alikuwa mwanamke. Immakulata alimtazama huyo sana.

Shauri lilikuwa la mbuzi walioingia katika shamba la maharage. Mdai alianza na habari za babu yake. Akafika kwa baba yake, akaeleza ugomvi wa mpaka wa zamani.

"Mzee," hakimu alisema, "mbuzi. Tuambie habari za mbuzi."

Watu walicheka. Immakulata hakucheka. Alikumbuka kuku wake na lile shati, akaona haya peke yake pale benchi la nyuma.

Mdai alipomaliza, hakimu alimgeukia mdaiwa. "Una swali lolote la kumwuliza?"

"Sina, mheshimiwa."

Lakini mdaiwa huyo alikuwa akinung'unika wakati wote, hata Immakulata kule nyuma alimsikia. Alikuwa akisema kwamba siku hiyo ya mbuzi mdai alikuwa mnadani, hakuona kitu. Kwa nini basi hakumwuliza? Alikaa na jambo lake tumboni mpaka akashindwa shauri.

Immakulata alitoka nje akiwa amesisimka. Kumbe mahakamani mtu anaruhusiwa kuuliza! Tena anaombwa kabisa aulize!

Alimweleza Bi Zuhra yote. Bi Zuhra akamwongezea mengine. Sema uliyoyaona kwa macho yako, usiseme uliyosimuliwa. Anza na mtoto, malizia na mtoto. Jibu lile uliloulizwa. Usimtukane mtu hata akikutukana. Njoo na kadi ya kliniki ya Divine. Na lete shahidi aliyeona mambo, siyo shahidi anayekupenda tu.

"Kaka yangu alikuwepo Divine alipochukuliwa," Immakulata alisema. "Huyo aliona, na ananipenda vilevile."

Kaka huyo aliitwa Hatungimana. Alikuwa mwanamume mwenye heshima zake na mkaidi kidogo. Alipoambiwa kwamba atakuwa shahidi, alifurahi, akamwagiza mkewe aloweke mtama.

"Mtama wa nini?" Immakulata aliuliza.

"Wa pombe, mushiki wanje, dada yangu. Kwetu Burundi shauri linapelekwa kwa abashingantahe, wazee wa haki. Na hao hupewa agatutu, pombe yao ya heshima. Mtu haendi mbele ya wazee mikono mitupu kama mwizi."

Immakulata alimwuliza Bi Zuhra kuhusu jambo hilo. Kwa mara ya kwanza Bi Zuhra hakutania.

"Mwambie asithubutu. Kwa wazee wa kwenu ile ni heshima, inatolewa mbele ya watu wote. Mahakamani ukimpelekea mwamuzi kitu, ni rushwa. Hata kama nia yako ni njema. Wataona mnanunua haki, nawe utapoteza hata ile uliyo nayo."

Immakulata alimwambia kaka yake. Hatungimana alitikisa kichwa, akasema amesikia.

*

Siku ya shauri ilifika. Immakulata alikuwa karibu na uwanja wa mahakama, kadi ya kliniki iko katika kitambaa, Jeanne yuko kando yake. Mara akamwona kaka yake anakuja, anasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli kuna mtungi umefungwa kwa majani ya mgomba, na mirija imechomoza juu.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Immakulata alisema. "Kaka, nilikuambia nini?"

"Ni kidogo tu. Cha kusalimia."

"Rudi nao."

"Unataka nionekane mtu asiye na adabu? Mbele ya wazee? Baba yetu angesema nini?"

Hatungimana alikuwa karibu kulia, na Immakulata aliona. Alijua kwamba kaka yake amekesha na pombe hiyo kwa sababu ya mapenzi. Lakini alishika usukani wa baiskeli, hakuuachia.

"Kaka, baba yetu alikuwa na wazee wake. Hawa ni wengine. Ukivuka pale na mtungi huu, utakuwa umempa Makarius mtoto wangu kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nitaingia, nitawaambia kwamba sikujui."

Hatungimana alimtazama dada yake. Kisha akageuza baiskeli. Aliuacha mtungi kwa mama mmoja muuza ndizi ng'ambo ya barabara, akamsihi sana asiuguse. Akarudi mikono mitupu, akakaa nje na mashahidi wengine kusubiri kuitwa. Shahidi haingii ndani kabla ya zamu yake, asije akasikia wenzake wanasema nini.

Ndani, Makarius alisimama wa kwanza kwa sababu ndiye mdai. Alikuwa amevaa koti. Alisema vizuri, na Immakulata alianza kuogopa. Alisema juu ya ng'ombe na ukoo. Alisema biashara yake ni nzuri. Alisema mtoto ameshazoea Heru Juu na ana furaha.

"Una maswali?" hakimu alimwuliza Immakulata.

Alisimama. "Ninayo, mheshimiwa."

Alimgeukia mume wake. Hakupaza sauti.

"Baba Jeanne, Divine anakaa nyumbani kwako Kasulu?"

"Anakaa kwa dada yangu, Heru Juu. Ni mamoja."

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

Makarius alikohoa. "Siku nyingi kidogo. Kazi zimebana."

"Ni kabla ya kuvuna maharage au baada ya kuvuna?"

"Kabla."

Wakati huo maharage yalikuwa yameshavunwa, yamepurwa, na mengine yameliwa.

"Alipougua surua, nani alimbeba kwenda hospitali?"

"Wewe."

"Anaogopa nini?"

"Nani?"

"Divine. Anaogopa kitu kimoja sana, mpaka halali. Ni kitu gani?"

Makarius alitazama dari. Alimtazama karani.

"Jibu, bwana," hakimu alisema.

"Sijui, mheshimiwa."

Alilisema kwa sauti ndogo. Immakulata alidhani atafurahi kumwona ameshikwa hivyo. Hakufurahi. Alimhurumia, maana aliona kwamba Makarius mwenyewe ndiyo kwanza anajua kuwa hajui.

"Anaogopa ngurumo," alimwambia. "Na huko Heru Juu mvua zinakaribia. Sina swali lingine, mheshimiwa."

Ilipofika zamu yake ya kujieleza, alianza na Divine. Alionyesha kadi ya kliniki. Alieleza shamba analolima na nyumba wanayolala. Alisema Jeanne anasoma na hakosi shule. Mama mkwe hakumtaja.

Makarius naye alipewa nafasi ya kuuliza. "Utawalisha nini peke yako?"

"Mihogo, mahindi na maharage, kama nilivyowalisha ulipokuwa Kasulu. Na wewe utachangia. Mimi na wewe tukiachana, watoto hawajaachana na baba yao."

Yule mzee wa baraza mwanamke aliinamisha kichwa, akaandika kitu.

Hatungimana aliitwa. Alisema aliyoyaona: shangazi alikuja, aliomba mtoto kwa matembezi, hakusema anamchukua moja kwa moja. Alijibu vizuri sana, ila kila mara alikuwa anageuka kutazama ng'ambo ya barabara. Jeanne naye aliulizwa na hakimu, taratibu, bila wazazi kumkodolea macho. Alisema anapenda kukaa na mama, na baba pia anampenda, na anataka Divine arudi.

Jioni Hatungimana alipochukua mtungi wake, aliukuta mwepesi. Mama muuza ndizi alisema jua lilikuwa kali.

*

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Hakimu alisema kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukashindwa, na ndoa imevunjika kabisa. Talaka ikatolewa. Nyumba na shamba la karibu vilibaki kwa Immakulata, kwa sababu alivichuma kwa jasho lake pamoja na mumewe. Shamba la bondeni likawa la Makarius. Watoto wote wawili watakaa na mama yao. Baba atachangia matunzo, na ana haki ya kuja kuwaona.

"Divine arudishwe nyumbani," hakimu alisema. "Bwana Makarius, umlete wewe mwenyewe. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa mahakama ya juu, ila asichelewe."

Makarius hakukata rufaa. Siku chache baadaye lori lilisimama barabarani. Immakulata alikuwa uani, anamenya mihogo. Alisikia sauti anayoijua.

"Hodi."

Makarius alisimama nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, anasubiri kukaribishwa.

"Karibu," Immakulata alisema.

Divine alikuwa nyuma ya mguu wa baba yake. Alikuwa amerefuka. Gauni la kanisani lilikuwa limembana mabegani. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni, akajificha tena.

Immakulata alitaka kumkimbilia, amnyakue. Lakini alikaa palepale, akaweka kisu chini, akangoja. Jeanne naye akangoja. Makarius akamsukuma mtoto polepole kwa kiganja, kisha akaenda zake kukaa kwenye kivuli cha paa.

Divine alikuja hatua chache, akasimama. Alikuwa amekunja uso.

"Mama, kwa nini hukuja kunichukua?"

"Nilikuwa nakuja, mwanangu," Immakulata alisema, na machozi yakamtoka. "Siku zote hizi nilikuwa nakuja. Ni kwamba njia yenyewe ilipitia mahakamani."

Divine alifikiri. Alisogea tena, mpaka magoti yake yakagusa magoti ya mama yake.

"Mahakama ni nini?"

Immakulata alimpakata, akamweka mapajani pamoja na vumbi lake lote la Heru Juu, akaanza kumweleza.